Kushirikisha wananchi kwenye afya ya msingi, maana yake nini hasa?

Neno "ushirikishwaji" limetumika mpaka limechakaa, kila semina linatajwa, kila ripoti lipo, ila ukimuuliza mtu wa kijijini alishirikishwaje kwenye zahanati yake atakwambia tulisomba mawe na mchanga. Basi, imeishia hapo.

Tuanze na afya ya msingi yenyewe maana hata hapo watu wanachanganya, wengi wanadhani ni kile kizahanati cha vidonge vya maumivu kwa wasio na uwezo wa kwenda hospitali. Hapana. Mwezi wa 9 mwaka 1978 wawakilishi wa serikali 134 walikutana Alma-Ata, enzi hizo ilikuwa Muungano wa Kisovieti, siku hizi ni Almaty, Kazakhstan, na azimio lao likaweka humo elimu ya afya, chakula, maji salama na vyoo, huduma za mama na mtoto, chanjo, kudhibiti magonjwa ya eneo husika, tiba ya magonjwa ya kawaida na dawa muhimu. Sasa hebu niambie, hapo nesi mmoja kwenye zahanati anaweza vingapi? Maji siyo kazi yake, vyoo siyo kazi yake, na chakula anachopewa mtoto nyumbani ndo kabisa.

Na azimio lilisema kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Kupanga NA kutekeleza. Wengi wanaruka la kwanza wanakimbilia la pili, yaani mambo yameshaamuliwa huko juu ndo wananchi wanaitwa waje na majembe.

Kuna mama mmoja wa Marekani, Sherry Arnstein, mwaka 1969 aliandika kuhusu ngazi ya vipandio 8 vya ushiriki. Chini kabisa watu wanazugwa tu, katikati wanapewa taarifa na kuulizwa maoni, juu kabisa uamuzi uko mikononi mwao. Yeye alikuwa anaongelea mipango ya miji siyo zahanati za vijijini, ila inakaa vizuri tu huku. Mkutano umeitishwa, mkaambiwa jengo litakaa pale, mkasaini mahudhurio mkaondoka, hicho ni kipandio cha chini. Lakini mkiulizwa tatizo lenu nini, mkasema jengo tunalo shida yetu wajawazito usiku hawana usafiri, na kweli hela ikahamishwa ikaenda kwenye usafiri, hapo mmepanda.

Na hapo kwenye hela ndo serikali za mitaa zinaingia, maana wananchi wanaweza kukaa vikao mwaka mzima ila kama halmashauri yenye bajeti haiko mezani wanabaki na malalamiko tu, na halmashauri nayo ikipanga peke yake ofisini inaweza kujenga ng'ambo ya mto ambao masika hauvukiki. Brazil walilimaliza kisheria mwaka 1990, wakaweka mabaraza ya afya kila ngazi mpaka manispaa na nusu ya viti ni vya wanaotumia huduma, siyo waalikwa. Napenda sana hiyo ya nusu, maana mwananchi mmoja katikati ya wataalamu kumi atasema nini?

Je inasaidia au ni maneno tu? Wilaya ya Makwanpur huko Nepal walianzisha vikundi vya akina mama, mwezeshaji ni mwanamke wa hukohuko, wanakutana kila mwezi kujadili matatizo ya uzazi na kutafuta njia wenyewe. Vituo vya afya viliboreshwa maeneo yote, yenye vikundi na yasiyo na vikundi, lakini matokeo yalipotoka mwaka 2004 vifo vya watoto wachanga kwenye maeneo yenye vikundi vilikuwa chini kwa kama asilimia 30. Mimi hiyo ilinishangaza kidogo, ni kukaa na kuongea tu jamani.

Ila tusidanganyane, inaharibika pia. Kamati inajazwa ndugu na wenye pesa, mjane wa mwisho wa kijiji hajawahi hata kujua kuna kikao. Mpango wa Bamako, ambao mawaziri wa afya wa Afrika waliukubali huko Mali mwaka 1987, uliwapa wanajamii kusimamia mfuko wa dawa, wazo zuri, ila mfuko ulitegemea wagonjwa kulipia na sehemu nyingi wasio na kitu wakabaki nje. Halafu kuna wale wahudumu wa afya wa jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba kupima watoto, eti wanajitolea, miaka inapita bila posho, mtu ana shamba lake na watoto wake, akiacha wanasema jamii haina mwamko. Mwamko upi? Hao wa ofisini wanaosema hivyo wenyewe wanalipwa kila mwezi.