Tripodi ya nje: usidanganywe na kilo zilizoandikwa kwenye boksi

Kila boksi la tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, lina namba ya kujivunia: inabeba kilo 8, kilo 12, hata kilo 20. Namba hiyo inakuhakikishia jambo moja tu, kwamba miguu haitaporomoka ukiibebesha mzigo huo. Haisemi lolote kuhusu mtetemo. Gunia la viazi la kilo 8 likitikisika kidogo halidhuriki. Lenzi ya milimita 500, ile ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, ikitikisika kidogo, picha imekwenda.

Hesabu yake si ngumu. Chukua kamera ya fremu kamili yenye megapikseli 24. Upana wa kihisi, yaani sensa inayopokea taswira, ni milimita 36, umegawanywa kwa pikseli 6000, kwa hiyo kila pikseli ina milimita 0.006. Tuseme tripodi imejipinda kwa digrii 0.01 tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Kwa lenzi ya milimita 24, taswira husogea chini ya pikseli moja, hutagundua kitu. Kwa lenzi ya milimita 500, upinde huohuo husogeza taswira pikseli 14 hivi. Macho ya ndege yanageuka uji. Ndiyo maana tripodi inayomfaa kabisa mpiga picha wa maporomoko ya msitu wa Karura humwangusha mwenzake anayefuata tai.

Basi swali la kwanza ni hili: lenzi yako ndefu kuliko zote ni ipi? La pili: utapigia picha wapi? Kwa mtu wa Nairobi, jibu la swali la pili mara nyingi huondoa tripodi kabisa. Ndani ya Nairobi National Park hushuki kwenye gari isipokuwa sehemu chache zilizoruhusiwa, kama vile pale pembe za ndovu zilipochomwa mwaka 1989. Ukibanwa ndani ya Probox, miguu mitatu ina kazi gani? Inakanyagana na miguu ya dereva tu. Kama simba na faru ndio shabaha yako kubwa, anza na mfuko wa nafaka, halafu pesa iliyobaki iweke akiba.

Mfuko huo ataushona fundi yeyote wa nguo nzito. Mpelekee turubai, umwambie ashone vifuko viwili vya sentimita 20 kwa 30, viunganishwe na kipande cha upana wa sentimita 8 ili ukalie mlango wa gari kama tandiko la punda, kifuko kimoja ndani na kingine nje. Uwe na zipu, ushonwe mara mbili kwenye mishono. Jaza robo tatu tu kwa mchele au maharagwe, jumla kilo 3 hivi. Ukijaza pomoni, lenzi itateleza juu yake badala ya kuzama. Mchanga usiutie: unavuja vumbi, na vumbi likiingia kwenye pete ya kuzumu (zoom) utaisikia ikisaga. Teremsha kioo, weka mfuko, laza lenzi juu, na zima injini. Injini inayonguruma hutetemesha mlango mzima, na mfuko haumezi yote. Wenzako ndani ya gari nao watulie. Mtu mmoja akijigeuza kiti cha nyuma, utamwona kwenye picha ingawa hayumo. Nafaka ikilowa itoe uianike siku hiyohiyo, la sivyo utafuga wadudu kwenye begi la kamera.

Sasa tuseme unapiga mandhari, ndege wa Karura au machweo ya vilima vya Ngong, na miguu mitatu unaihitaji kweli. Nunua miguu kwanza, kichwa (sehemu ya juu inayoshika kamera) baadaye, tena kila kimoja peke yake ikiwezekana. Vile vinavyouzwa vimeshikana kiwandani, ambavyo kichwa chake hakitoki, viache. Kichwa kikiharibika umetupa vyote.

Kwenye miguu, kipimo kinachosema kweli ni kipenyo cha mrija wa juu. Ugumu wa mrija dhidi ya kupinda hupanda kwa kipeo cha tatu cha kipenyo, unene wa kuta ukiwa uleule. Mrija wa milimita 32 ni mgumu kama mara tatu kuliko wa milimita 22, ingawa mkononi tofauti inaonekana ya kidole tu. Kwa lenzi pana na za kati, milimita 25 hadi 28 zinatosha. Ukifika lenzi ya milimita 150-600, ambayo peke yake huwa na kilo 2 hivi, usishuke chini ya milimita 32.

Halafu hesabu vipande vya mguu. Kila kipande huingia ndani ya kingine, kwa hiyo kila kimoja ni chembamba kwa milimita 3 au 4 kuliko cha juu yake. Tripodi ya vipande vitano ikianza na milimita 28 humalizikia kwenye kijiti cha milimita 14 hivi, na hicho kijiti ndicho kinachokanyaga ardhi. Inakunjika ikawa fupi, inaingia kwenye begi la kupanda nalo matatu, naielewa sababu ya watu kuipenda. Ila vipande vitatu ndivyo bora, vinne ndiyo suluhu ya mwenye kutembea sana. Vitano mimi simshauri mtu mwenye lenzi inayozidi milimita 200.

Nguzo ya katikati ni mguu wa nne usio na rafiki. Ukiipandisha, umeweka kamera juu ya mti mmoja badala ya mitatu. Kwa hiyo urefu upimwe nguzo ikiwa chini kabisa. Mtu wa sentimita 170, macho yake yako kama sentimita 158 kutoka ardhini. Toa sentimita 10 za kichwa cha tripodi, toa 8 kutoka kitako cha kamera hadi tundu la kuchungulia, inabaki 140. Huo ndio urefu wa miguu unaoutaka kwenye ardhi tambarare. Lakini Ngong si tambarare. Kwenye mteremko mguu mmoja unashuka bondeni, kwa hiyo ongeza sentimita 15 au 20, la sivyo utapiga picha umeinama kama anayechuma chai.

Kaboni au alumini? Kaboni ni nyepesi zaidi, na mtetemo ndani yake hufa haraka. Alumini ni nafuu, na ikipigwa hupinda au kubonyea ambapo kaboni huenda ikapasuka. Tofauti ya kipenyo ni muhimu kuliko tofauti ya malighafi. Alumini nene itaishinda kaboni nyembamba.

Kichwa ni habari nyingine. Cha gololi ndicho kinachowafaa wengi: legeza kitasa kimoja, elekeza, kaza. Kasoro yake ni kulala. Unaweka mlima katikati ya fremu, unakaza, unaachia mkono, na mlima unapanda kidogo kwa sababu kamera imeinamisha pua. Gololi ya milimita 30 na kitu hufanya hivyo sana; kuanzia milimita 44 hali hubadilika. Tafuta kichwa chenye kitasa cha pili cha kuongeza ukinzani, ili gololi isidondoke ghafla unapolegeza. Usipake gololi mafuta hata kidogo. Kushika kwake ni msuguano mkavu. Ukiipaka, umenunua kitasa kinachokazwa bila kushika. Kitambaa kikavu kinatosha.

Kichwa cha mikono mitatu ni cha polepole, lakini ukitaka kusahihisha upeo wa macho bila kuvuruga mengine hakina mpinzani. Kwa majengo ya mjini na mandhari ni kizuri sana. Kwa ndege, sahau.

Mwenye lenzi ya kilo 2 na zaidi aangalie gimbali, kichwa kinachoacha lenzi nzito izunguke huru. Hiyo haikazwi, inasawazishwa. Legeza kitasa cha kuinamisha, sogeza lenzi mbele au nyuma kwenye kibanio hadi ikae mlalo bila kushikwa. Kisha iinamishe digrii 40 hivi na uachie. Ikiendelea kuanguka, iko juu mno, shusha jukwaa linaloibeba. Ikirudi yenyewe mlalo, iko chini mno, pandisha. Ikibaki pale ulipoiacha, umemaliza, na utaizungusha kwa kidole kimoja.

Skrubu karibu zote za kamera na tripodi ni za saizi mbili: robo ya inchi chini ya kamera, na 3/8 ya inchi kati ya miguu na kichwa. Kipunguzio cha kutoka kimoja hadi kingine ni kipete kidogo cha shaba, nunua viwili maana kimoja kitapotea. Kwa bati la kamera, lile linaloskrubiwa chini yake na kubanwa na kichwa, fuata mfumo wa Arca-Swiss wenye upana wa milimita 38 hivi. Nasema hivi kwa sababu viwanda havikubaliani hadi milimita ya mwisho. Kibanio cha kuzungusha hupokea karibu mabati yote ya mfumo huo. Cha wenzo wa kufunga haraka hukataa mengine, au hulishika bati likiwa linacheza. Bati liwe na ukingo unaozuia kamera kujizungusha. Ukipiga sana picha za wima, bati la umbo la L lina thamani kuliko kichwa ghali, kwa kuwa kamera inabaki juu ya kitovu badala ya kuning'inia ubavuni.

Ukienda dukani, iwe Moi Avenue au Luthuli, nenda na kamera na lenzi yako ndefu. Refusha miguu yote, nguzo chini. Kandamiza kwa kiganja pale miguu inapokutana, kisha jaribu kupazungusha kama unayefungua mtungi, pakicheza, ondoka. Weka kamera, kuza skrini mara 10 kwenye kibao cha duka la ng'ambo ya barabara, gonga pipa la lenzi kwa kidole. Taswira itulie ndani ya sekunde moja au mbili. Kaza gololi, achia mkono, uangalie maandishi yamehama kiasi gani. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Ukiwa kilimani, upepo wa Ngong ndio mtihani. Vua mkanda wa kamera, unapiga kama bendera. Begi ukilining'iniza kwenye ndoano ya chini ya nguzo, liguse ardhi kidogo. Likibembea litatikisa kila kitu. Mguu mmoja uelekee upande wa lenzi. Zima kitulizo cha mtetemo cha lenzi, hasa lenzi za zamani, tumia kichelewesho cha sekunde 2. Kasi za kati ya 1/60 na nusu sekunde ndizo zinazopatwa zaidi na mshtuko wa kioo na shata, basi kwenye kamera ya kioo (DSLR) inua kioo kwanza. Kwenye maji au tope, refusha kipande cha chini kwanza, ndicho chembamba, ili vifungio vibaki juu ya tope.

Udongo mwekundu hatimaye utaingia kwenye vifungio vya kuzungusha, na utausikia. Fungua mguu mmoja kwa wakati. Zungusha pete hadi itoke, vuta mrija, utaona vipande viwili vya plastiki juu yake. Angalia vijino vyake vinakaa kwenye matundu gani kabla hujavitoa. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kausha kabisa, paka grisi kidogo kwenye nyuzi za pete pekee. Petroli isiguse plastiki. Ukitoka Ziwa Magadi, osha jioni hiyohiyo kwa maji safi: magadi yakikaukia kwenye nyuzi za alumini huzila, na pete ikigandia hapo haifunguki kwa mkono.