Ravioli za chenga za mkate kwenye eafraya: maana yake, na kwa nini nyingine hutoka nyeupe

Anayefuatilia video za mapishi atakuwa ameshaziona: ravioli zimezungushiwa chenga za mkate, zimepangwa kwenye eafraya, lile jiko dogo la umeme lenye kikapu cha kuchomoa, na baada ya dakika chache zinatoka na ganda la hudhurungi linalolia likivunjwa. Hapa Dar es Salaam wengi walionunua mashine hii wameshazijaribu, na malalamiko yanafanana: "Dada, mbona zangu zimetoka nyeupe, halafu unga unapukutika?" Mapishi hayana siri kubwa. Tatizo ni kwamba watu huelezwa joto na dakika, hawaelezwi ganda lile linakaukaje.

Tuanze na ravioli zenyewe. Ni tambi za Kitaliano za kujaza. Unga wa ngano hukandwa kwa mayai, husukumwa mwembamba, kisha vijiko vidogo vya kijazo huwekwa juu yake, hufunikwa na tabaka la pili, kingo hubanwa na vipande hukatwa. Ndani huweza kuwa na jibini laini pamoja na spinachi, nyama ya kusaga au malenge. Italia kwa kawaida huchemshwa, zikaliwa na mchuzi, siagi au supu. Mtindo wa kuzipaka chenga na kuzikaanga umepata jina Marekani, katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, kwenye mtaa wa The Hill uliojaa wahamiaji wa Kitaliano. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1940 mpishi mmoja alitumbukiza ravioli kwenye mafuta ya moto badala ya maji, na zaidi ya mkahawa mmoja wa mtaa huo hudai kuwa ni kwake jambo hilo lilipotokea. Mpaka leo huko hukaangwa kwenye mafuta mengi, hunyunyiziwa jibini gumu la Parmesan na kuliwa kwa kuchovya kwenye sosi ya nyanya.

Kwa hiyo pishi hili lilizaliwa ndani ya mafuta. Ukiliingiza kwenye eafraya umeliondolea kitu kilichokuwa kikifanya kazi kubwa, na kazi hiyo lazima ifanywe na kingine.

Kazi yenyewe ni ipi? Chakula kikiingia kwenye mafuta ya nyuzi joto kama 180, maji yaliyo karibu na uso hugeuka mvuke mara moja. Zile povu unazoziona zikichemka pembeni mwa sambusa ni maji yanayotoka. Maadamu pale juu kuna maji, uso hauwezi kupanda sana kupita nyuzi 100, kwa sababu joto lote linaishia kwenye kuyageuza mvuke. Maji yakiisha, povu hupungua, uso hupanda joto, na kuanzia kama nyuzi 140 protini na sukari za kwenye unga huanza kuungana kwa kasi, zikatoa ile rangi ya hudhurungi na harufu inayowavuta watu jikoni. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeueleza mwungano huo mwaka 1912, na ndiyo maana unaitwa kwa jina lake. Mfuatano huu ukikaa kichwani mengine yote yanaeleweka: kwanza ukavu, kisha rangi. Kilicholowa hakibadiliki rangi, hata ukiongeza dakika.

Sasa eafraya. Philips waliitambulisha kwenye maonyesho ya IFA mjini Berlin mwaka 2010, nayo ni oveni ndogo yenye feni. Juu kuna koili ya umeme, feni inasukuma hewa ya moto kuelekea chini, na kikapu kina matundu ili hewa izunguke pande zote. Hewa inabeba joto kidogo sana ikilinganishwa na mafuta. Inayookoa hali ni kasi yake. Chakula kinapopata moto hujizungushia tabaka jembamba la hewa yenye unyevu, na tabaka hilo likitulia huzuia joto kuingia na mvuke kutoka. Feni hulipeperusha kila wakati. Mtu yeyote aliyewahi kuanika nguo Dar siku ya mvuke isiyo na upepo, kisha akaanika siku ambayo upepo wa baharini unavuma, anajua tofauti hiyo: jua ni lilelile, kinachokausha ni upepo. Ndiyo sababu ravioli zikibanana kwenye kikapu hazikauki. Ukizipanga kwa tabaka mbili, za chini zinapikwa kwa mvuke wa za juu. Tabaka moja tu, zisigusane, na kama kikapu ni kidogo pika kwa awamu. Awamu ya pili huiva haraka zaidi kwa kuwa mashine imeshapata moto, kwa hiyo ichungulie mapema.

Lakini feni peke yake haitoshi, na hapa ndipo weupe unapotokea. Chenga kavu zisizo na mafuta hazipitishi joto vizuri kati ya punje na punje. Zinakauka, ndiyo, ila hubaki na sura ya vumbi, na pale palipobaki unga mtupu panakuwa na madoa meupe. Mafuta kidogo huziba nafasi hizo na kulisambaza joto sawasawa. Wanaosema eafraya haihitaji mafuta kabisa wanawapoteza watu. Inahitaji machache: kijiko kimoja au viwili vya chakula kwa ravioli za sahani nzima, badala ya lita nzima ya kwenye karai.

Njia ninayoiamini ni kuzikaanga chenga kwanza, kabla hata ya kugusa ravioli. Weka kikombe cha chenga kwenye kikaango, ongeza kijiko kimoja na nusu cha mafuta, moto mdogo, ukoroge bila kuacha. Mwanzoni zinashikana na kutoa harufu ya mkate mbichi. Dakika mbili tatu baadaye zinaachana, mwiko unaanza kutoa sauti ya mchanga mkavu, na rangi inaingia kutoka pembeni mwa kikaango. Ziepue zikiwa zimegeuka nusu tu ya rangi unayoitaka na uzimwage kwenye sahani baridi, maana kikaango cha moto kitaendelea kuziunguza. Faida yake ni kwamba ravioli ni nyembamba. Ukisubiri chenga mbichi zipate rangi ndani ya eafraya, jibini la ndani litakuwa limeshachemka na kupasua kingo. Chenga zilizotangulia kupata rangi zinahitaji tu kukauka na kushika.

Chenga zenyewe tengeneza nyumbani. Slesi za mkate wa jana au juzi, au boflo lililokaa, zikwaruze kwenye kikwaruzio cha karoti upande wa matundu makubwa, kisha zikaushe kwenye oveni ya moto mdogo au juani chini ya chandarua cha vyakula. Chenga nene ni bora kuliko zilizosagwa kuwa unga, kwa sababu zinaacha mianya ya kupitisha mvuke. Panko za Kijapani zinazouzwa kwenye maduka makubwa zinafanya vizuri kwa sababu hiyohiyo: ni bapa, nyepesi na zina mianya mingi. Jambo moja la hapa kwetu: hewa ya Dar ina unyevu mwingi, hasa wakati wa masika. Chenga zilizokaa wazi mezani tangu asubuhi hulegea jioni. Zihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko unaobana.

Kuzipaka kuna hatua tatu na kila moja ina sababu yake. Kwanza unga mkavu wa ngano, unaonyonya majimaji ya juu ya ravioli ili yai lipate pa kushika. Ukiruka hatua hii ganda litavuka kama soksi. Pili yai lililopigwa na chumvi, ambalo likipata moto huganda na kuwa gundi. Tatu chenga, zikandamizwe kidogo kwa kiganja. Mkono mmoja ushike vikavu, mwingine ushike vya majimaji, la sivyo vidole vyako ndivyo vitakavyopakwa chenga. Kisha ziache zitulie dakika kumi hadi kumi na tano kwenye friji ili unga unyonye yai. Hatua hii ya kusubiri wengi huiona ya kupoteza muda, nami naihesabu kuwa muhimu kuliko hata aina ya chenga.

Kwa sababu hizohizo rojo la maji halifai humu. Bajia za dengu, kwa mfano, huhitaji mafuta yalishike rojo papo hapo. Kwenye eafraya litachuruzika kupitia matundu kabla halijaganda, na utabaki unakwangua kikapu.

Ravioli unazipata wapi? Za kwenye friji au za barafu huuzwa katika baadhi ya maduka makubwa ya Masaki na Mikocheni, na hizo, unga wake ukiwa laini, hupakwa moja kwa moja baada ya kuyeyuka na kufutwa maji. Zilizokauka za pakiti ya rafuni lazima zichemshwe kwanza mpaka ziwe laini, zipoe, zifutwe kwa kitambaa safi. Ukiamua kutengeneza mwenyewe, gramu 200 za unga wa ngano na mayai 2 zinatosha watu wawili hadi watatu. Anayejua kusukuma manda za sambusa hatababaika. Kijazo chetu kizuri ni nyama ya kusaga iliyokwishaiva na kukaushwa vizuri, pamoja na kitunguu na pilipili manga, au mchicha uliochemshwa na kukamuliwa mpaka usitoe tone, ukachanganywa na jibini. Nyama isiingie mbichi, kwa sababu dakika za kukausha ganda hazitoshi kuiivisha kwa uhakika. Na ukamuaji wa mchicha si urembo. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara elfu moja, kwa hiyo tone dogo lililojificha ndani linatosha kupasua kingo. Unapobana, anzia katikati kwenda nje ili hewa itoke, kisha bana kingo kwa uma. Hizi za nyumbani mimi huzichemsha dakika mbili kabla ya kuzipaka, maana unga mbichi uliopigwa na hewa ya moto hukakamaa pembeni ukawa mgumu kutafuna.

Kwenye mashine yenyewe hakuna mengi. Ipashe moto dakika tatu ikiwa tupu, paka kikapu mafuta kidogo kwa brashi, panga, weka nyuzi 190 hadi 200, dakika sita hadi tisa, ukizigeuza katikati. Mapishi mengi ya mtandaoni ni ya Kimarekani na yanatumia Fahrenheit: 400 yao ni kama 200 yetu, na 350 ni kama 177, kwa hiyo usishangae kuona tarakimu ambayo mashine yako haina. Jibini likianza kuchungulia kwenye kingo, toa, hata kama saa haijalia. Makopo ya mafuta ya kupuliza yaliyochanganywa vitu vingine huacha utando mgumu kwenye kikapu, hivyo chupa ya kawaida ya kunyunyizia au brashi ni salama zaidi.

Upande wa umeme, mashine ya wati 1,500 ikiwaka dakika kumi mfululizo inakula robo uniti ya LUKU. Ichomeke ukutani moja kwa moja. Nyaya nyembamba za ekstensheni zinazolisha runinga na chaja hazikuundwa kubeba mzigo huo, na plagi ikipata moto ni dalili ya kuizima mara moja.

Zikishatoka, adui mkubwa ni hotipoti. Tumezoea kuweka sambusa na katlesi humo ili wageni wa futari wazikute za moto, na kwa ravioli hizi ndiyo njia ya haraka ya kuharibu kazi yote. Kijazo bado kinatoa mvuke, mfuniko unauzuia, nao unarudi kulowesha ganda. Ziweke kwenye wavu wa kupozea keki, au hata juu ya chekecheo la chuma, hewa ipite chini yake. Kama wageni wanachelewa, afadhali ziache zipoe kisha uzirudishe kwenye eafraya nyuzi 180 kwa dakika tatu hadi nne wanapokaa mezani. Maikrowevu hailifai ganda hili, kwani huchemsha maji ya ndani bila kukausha nje. Sosi iwe kwenye bakuli lake pembeni, isimwagwe juu. Ya nyanya na kitunguu saumu ndiyo ya asili, lakini chatne ya ukwaju yenye pilipili inakata uzito wa jibini vizuri kuliko nyanya, na kwangu hiyo ndiyo ya kwanza.

Ukitaka za akiba kwa ajili ya mwezi wa Ramadhani, zigandishe zikiwa zimeshapakwa chenga lakini hazijaingia kwenye mashine. Zitandaze kwenye sinia zisigusane mpaka ziwe ngumu, ndipo uzikusanye kwenye mfuko mmoja. Siku ya kuzipika usiziyeyushe, kwa sababu barafu ikiyeyuka inalowesha ganda kabla moto haujalifikia. Ziingie zilivyo, zikiguswa mafuta kidogo juu, nyuzi 190, na uongeze dakika mbili au tatu.