Je, wajua kwa nini wanafunzi wa mitindo hutumwa kwa watu wa ajabu wa zamani kutafuta mkoba?

Miaka ya 1910, watu wa Venice waliochelewa kulala waliweza kukutana na Marchesa (cheo cha kikabaila cha Italia) Luisa Casati akitembeza duma wake usiku, kila mmoja kafungwa kamba iliyopambwa kwa almasi. Nywele kazitia rangi nyekundu ya moto. Uso kaupaka poda ukawa mweupe pe, macho kayazungushia wanja mzito, tena kayatonesha dawa ya beladona ili mboni zitanuke. Siku nyingine alivaa nyoka hai mahali pa mkufu. Huyu ndiye mtu wa aina ambayo walimu wa ubunifu hupenda kumweka mbele ya wanafunzi wao na kuwaambia: haya, tutengenezeeni mkoba, kofia, mkanda au bangili.

Kwa nini yeye, na si malkia fulani aliyevaa vizuri?

Kwa sababu malkia huvalishwa. Taji, utepe na glavu zake vimeamriwa na desturi ya ikulu, na akifa atakayemrithi atavaa vilevile. Casati alijichagulia kila kitu mwenyewe. Alizaliwa Milan mwaka 1881, binti wa tajiri wa viwanda vya pamba, na wazazi wake walipofariki yeye na dada yake wakarithi utajiri mkubwa wangali wadogo. Fedha hizo alizitumia kujigeuza kazi ya sanaa inayotembea. Mchoraji Boldini alimchora mwaka 1908, mchoraji Augustus John mwaka 1919. Mwaka 1922 mpiga picha Man Ray alimpiga picha iliyotikisika, macho yakatokea zaidi ya jozi moja, naye akaipenda hivyo hivyo. Mwanafunzi anapata hazina ya picha, na ndani yake kila pambo lina sababu ya kuwepo. Kwa mtu anayejifunza kubuni, sababu hiyo ina thamani kuliko uzuri wenyewe.

Na kwa nini mkoba au mkufu, badala ya gauni? Gauni limefungwa na mwili: kifua, kiuno, nyonga, mkono uweze kuinuka. Mkoba hauna habari na vipimo hivyo. Una kazi zake chache, kufunguka, kufungika, kubeba na kuning'inia, na zikishatimia mbunifu yuko huru kwenda mbali atakako.

Uhuru huo ndio unaowaponza wengi. Mwanafunzi akisikia nyoka, anachora nyoka: kichwa, magamba, vijiwe viwili vyekundu vya macho. Hapo amenakili picha tu, na pambo la namna hiyo limejaa madukani. Mwalimu mzuri humrudisha nyuma kwa maswali. Nyoka hai shingoni anafanya nini? Ana uzito, ana ubaridi, anajisogeza, na hana kifungo. Basi mkufu usio na kifungo unatengenezwaje?

Masonara wana jibu zuri. Unachukua ukanda mwembamba wa chuma wenye kingo zilizokunjwa, unauzungusha kwenye kijiti cha mbao au shaba mzunguko kwa mzunguko, kila ukingo ukishikana na mwenzake bila kulehemu. Kisha kijiti cha ndani kinaondolewa. Kinachobaki ni mrija unaopinda na kurudi wenyewe, wa kuzungushwa mkononi au shingoni bila ndoano yoyote. Sonara Bulgari wa Roma aliutumia kwa saa zake za umbo la nyoka tangu miaka ya 1940. Mwanafunzi aliyefika hapo kwa kumfikiria Casati amejifunza ufundi mzima, hata kama kazi yake ya mwisho haina jicho wala gamba.

Kamba ya duma nayo ina somo lake. Mnyama anavuta, kwa hiyo mkanda wa mkoba uliotokana naye lazima ukubali kuvutwa. Ngozi ya tumboni hulegea. Mikanda hukatwa kwenye ngozi ya mgongoni. Ndiyo maana kazi huanza kwa karatasi na kitambaa cha marekani, ili makosa yaonekane kabla kisu hakijagusa ngozi ya bei.

Mfano mkubwa wa njia hii ya kuanzia kwa mtu wa ajabu wa zamani ni mbunifu wa mitindo John Galliano. Akisoma chuo cha Saint Martin's, London, huku akifanya kazi ya kuwavalisha waigizaji kwenye ukumbi wa National Theatre, aliwachagua vijana wa Paris walioitwa Incroyables. Hao walijitokeza baada ya Robespierre, kiongozi wa Mapinduzi ya Ufaransa, kuanguka mwaka 1794. Tai zao zilifika kidevuni, hereni zao zilikuwa kubwa, walishika miwani ya mkononi na fimbo nene zilizopinda ambazo waliwapigia Wajakobini, wafuasi wa Robespierre, mitaani. Karibu kila kilichowafanya wajulikane kilikuwa pambo la kushika au kuning'iniza! Mkusanyiko wake wa mavazi ya kuhitimu mwaka 1984 ulinunuliwa wote na duka la Browns, London. Miaka 14 baadaye, akiwa mbunifu wa nyumba ya mitindo ya Dior, alimfufua Casati mwenyewe kwa onyesho la mavazi katika jumba la Opera la Paris. Mwaka 2009 mbunifu Karl Lagerfeld naye alimchukua Casati kwa ajili ya nyumba ya mitindo ya Chanel, akaonyesha mavazi kwenye ufuo wa Lido, Venice, na mavazi yale hayakufanana kabisa na ya Galliano.

Kwa hiyo siku ya kuwasilisha kazi, kipimo ninachokiamini ni kimoja: funika ubao wa picha za Casati, mpe mkoba mtu asiyemjua kabisa, uone kama ataufungua mara ya pili kwa kupenda tu.