Toba ya trela huanzia kwenye mizani

Gerejini kwangu hapa Tororo, chuma cha kuvutia trela tunakiita toba. Ndivyo jina la Kiingereza, towbar, lilivyoangukia kwenye ndimi zetu, nami sijajisumbua kulisahihisha, maana wengi hufunga kwanza na kutubu baadaye. Mtu anaingia na Noah yake, mkononi ameshika boli inayong'aa, yaani lile tufe la chuma ambalo trela hushikia, aliyoinunua Kampala. "Fundi, nichomelee hii hapa nyuma, kesho nabeba mahema ya harusi." Namuuliza, mzee, trela yako ikishapakiwa ina kilo ngapi? Anaangalia pembeni.

Boli ndicho kitu cha mwisho kuchagua. Mimi huanza na mizani, ile ya kuning'iniza wanayotumia wanunuzi wa kahawa.

Trela ya magurudumu mawili hulalia sehemu tatu: matairi yake mawili na boli ya gari. Kinacholalia boli kikiwa kidogo mno, trela huanza kupunga mkia barabarani, na ukifika mteremko wa kutoka Sipi kuelekea Mbale ndiyo utajua dereva ni nani, wewe au trela. Kikizidi, gari hukaa kitako na usukani unakuwa mwepesi. Wamarekani husema boli ipate asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela. Ulaya huridhika na pungufu ya hapo. Kwa trela ya kilo 600 pamoja na mzigo, mimi hulenga kilo 60.

Kupima ni rahisi. Pakia trela kama itakavyosafiri, iweke mahali tambarare, weka kigingi kwenye matairi, kisha ning'iniza shingo yake kwenye mizani, pale pale boli inapoingia, mpaka ifike kimo cha boli. Mimi natumia tawi la mwembe ulio nyuma ya gereji. Ukisoma kilo 20, usikimbilie kuongeza chuma: sogeza magunia mbele kidogo ya ekseli, upime tena. Anayebeba maji akumbuke kwamba tangi la lita 1000 ni tani moja kabla hujahesabu trela yenyewe, na likiwa nusu, maji hupiga mbele na nyuma kila unapogusa breki. Tangi la namna hiyo silifungi kwenye Noah hata nikibembelezwa.

Sasa kuna jambo ambalo hata mafundi wenzangu hulipuuza. Boli haikai juu ya ekseli ya nyuma ya gari. Hukaa kama mita moja nyuma yake, na hapo inakuwa mtaimbo. Chukua gari lenye mita 2.8 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kilo 60 zilizo kwenye boli zitaongeza takribani kilo 81 kwenye ekseli ya nyuma, na kilo 21 zitakuwa zimenyanyuliwa kutoka matairi ya mbele, yale yale yanayokata kona. Huo ni uzito gari likiwa limesimama. Likiingia shimo kwa kasi, chuma kinapigwa kwa nguvu iliyo zaidi ya hapo. Kwa hiyo anayerefusha toba kwa bomba ili ipite gurudumu la akiba anakutengenezea mtaimbo mrefu zaidi. Boli ikae karibu na bampa kadiri mlango wa nyuma utakavyoruhusu.

Toba ishike wapi? Hilux na Land Cruiser zina chesisi, kazi inakuwa ya kiume lakini nyepesi: bamba kila upande, bolti za kutosha, basi. Noah, Wish na Premio hazina chesisi. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Huko natafuta zile mbavu mbili za boksi zinazopita chini ya sakafu ya buti, naweka bamba la kusambaza nguvu, nafunga kwa bolti. Sichomelei kwenye bati jembamba, kwa sababu moto hulidhoofisha na kutu huingia pale pale palipoungua. Bampa halishiki kitu, ni urembo. Na lile tundu la kuskrubia pete ni la kukokota gari lililokwama, halikuwekwa kwa ajili ya trela. Bolti isiyo na namba ya uimara 8.8 au 10.9 kichwani haiingii kwenye kazi yangu.

Soma pia kitabu cha gari. Najua, kimeandikwa Kijapani. Kielekeze simu ikutafsirie. Kikikataza kuvuta, nami nakataa, hasa kwa giaboksi ya mkanda isiyo na gia, ambayo hupata joto kali kwenye mpando mrefu.

Tukishafika hapo ndipo tuzungumze boli. Boli ya milimita 50 na ya inchi 2, yaani milimita 50.8, huchanganywa sana, lakini inayoumiza ni ile ya inchi 1 na 7/8, ambayo ni milimita 47.6. Kwa macho zote ni boli tu. Nilipokuwa bado mgeni wa kazi hii nilifunga moja kama hiyo chini ya kikombe cha 50, yaani kile kilicho kwenye ncha ya shingo ya trela kinachofunika boli. Kilifunga, kikalia tak, nikaridhika. Kwenye matuta ya pili trela iliruka, shingo ikachimba lami, na viti vya plastiki vikatawanyika barabarani. Minyororo sikuwa nimeweka. Tangu siku ile nasoma namba iliyopigwa kwenye boli na kwenye kikombe, na boli ya 50 iliyolika hadi 49 naitupa.

Minyororo ni miwili, ikatizane chini ya shingo ya trela ili shingo ikichomoka, minyororo iidake kabla haijagusa ardhi. Ishikwe kwenye toba yenyewe, si kwenye shingo ya boli.

Kuna wanaoniletea ndoano ya kijeshi yenye pete. Inafaa porini, maana trela inaweza kujipinda sana bila kukwama, lakini ina mchezo na kelele, na kwa trela ndogo ya lami ni uzito wa bure. Pini ya trekta iachwe shambani.

Kimo: shingo ilale sawa gari likiwa limepakiwa. Gari lililoinuliwa hutaka bamba la kushusha boli, ila kwa barabara zetu za marramu usishushe mpaka likwaruze matuta.

Taa zikicheza kama disko, anza na waya mweupe, ndio wa ardhi kwenye plagi ya pini saba. Njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia.

Nikimaliza nachora mstari wa rangi nyeupe kuanzia kwenye nati hadi kwenye bamba. Nenda safari yako ya kwanza hadi Mbale, ukirudi pitia hapa. Mstari ukiwa umekatika, spana iko tayari, na hiyo silipishi.