Mgonjwa wa Parkinson halali vizuri: daktari hujuaje tatizo ni lipi?

Baba ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na mwili kukakamaa. Usiku hupiga kelele na kurusha ngumi, na juzi alimpiga mama teke. Ndugu wanasema ni mashetani. Ni nini hasa?

Mashetani wanasingiziwa. Mtu anapoota, ubongo huilegeza misuli, ndiyo maana unaota unakimbia huku umelala tuli. Kwa wagonjwa wengi wa Parkinson, sehemu ya shina la ubongo inayofanya kazi hiyo imeharibika, hivyo mtu hutenda kile anachokiota. Madaktari Schenck na Mahowald wa Minneapolis, Marekani, waliueleza rasmi ugonjwa huu wa kutenda ndoto usingizini (kwa Kiingereza REM sleep behaviour disorder) mwaka 1986.

Daktari ataanza na saa. Vurugu hizi huzidi kuelekea alfajiri, wakati ndoto zinapokuwa nyingi. Kisha atauliza: mzee akiamshwa, huzinduka upesi na kusimulia ndoto yake, labda anapambana na wezi au mnyama? Hiyo ni dalili ya ugonjwa huu. Akibaki amechanganyikiwa, au akirudia vitendo vilevile kila mara, kifafa cha usiku lazima kifikiriwe. Ataangalia pia dawa za sonona kama fluoxetine, kwa kuwa baadhi yake huchochea hali hii. Kuona watu wasiokuwepo huku yuko macho ni jambo lingine, na litajwe peke yake.

Kuna kitu kinachowachanganya sana wanafamilia. Mzee ambaye mchana sauti yake haisikiki na mkono hauinuki, usiku hufoka kwa sauti nzito na kurusha ngumi kwa wepesi. Wengine huhitimisha kwamba mchana anajifanya. Hajifanyi. Ugumu wa mwili hupungua kwa muda katika usingizi wa ndoto.

Mama anasema kelele zilianza miaka mingi kabla baba hajaanza kutetemeka. Yanahusiana?

Ndiyo, na mwambieni daktari. Tatizo hili linaweza kuutangulia ugonjwa wa Parkinson kwa miaka 10 au zaidi. Lakini si kila anayeweweseka ataugua Parkinson. Watu wengi huongea usingizini na wako salama.

Kipimo gani kinathibitisha?

Polisomnografia. Mgonjwa hulala usiku mmoja maabara akiwa amebandikwa nyaya zinazorekodi mawimbi ya ubongo, macho, misuli ya kidevu, pumzi, oksijeni na moyo, huku kamera ikimtazama. Misuli isipolegea wakati wa ndoto, jibu limepatikana. Maabara hizi ni chache Afrika Mashariki, na gharama yake si ya kila mtu. Bila kipimo hicho, daktari husema tu kwamba huenda ni ugonjwa huo, na mara nyingi hiyo inatosha kuanza kumlinda mgonjwa. Msikimbilie picha ya kichwa ya MRI kwa sababu ya ndoto, haiwezi kuuonyesha.

Mgonjwa ni mimi. Nalala saa tatu, saa nane nimeshaamka, silali tena. Nipewe dawa ya usingizi?

Kwanza tujue nini kinakuamsha. Kama ni mkojo, hilo lina njia yake. Kama mwili umekakamaa hata kugeuka huwezi, huenda nguvu ya levodopa, dawa kuu ya Parkinson, imekwisha kabla hakujakucha, na kinachohitaji kurekebishwa ni dozi. Kama miguu inakusukuma uitikise, ikizidi jioni na ukiwa umetulia, kisha inapata nafuu ukitembea, daktari atautambua ugonjwa wa miguu isiyotulia kwa maelezo yako tu. Damu hupimwa kuona akiba ya madini ya chuma, kwa kuwa upungufu wake unaweza kuchochea hali hiyo. Selegiline au amantadine, dawa nyingine za Parkinson, zikinywewa jioni hufukuza usingizi. Sonona nayo huamsha watu usiku wa manane, na wanaume wetu huificha.

Mume wangu anasinzia hata akiwa anakula. Ni uzee?

Usiuite uzee kabla hajapimwa. Daktari anaweza kutumia dodoso la Epworth: maswali 8 kuhusu uwezekano wa kusinzia ukisoma, ukiwa abiria na kadhalika. Jumla ni 24, na ikipita 10 usingizi umezidi. Swali linalofuata ni lako: je, hukoroma, kisha pumzi ikakatika na kurudi kwa kishindo? Hapo hupimwa pumzi usiku. Kama anatumia pramipexole au ropinirole, ambazo nazo ni dawa za Parkinson, zitaje mapema, kwa sababu dawa hizo zinaweza kumlaza mtu ghafla bila onyo. Asiendeshe gari wala pikipiki mpaka jambo hili lieleweke.

Twende kliniki na nini?

Mtu anayelala naye chumba kimoja. Yeye ndiye shahidi mkuu, maana mgonjwa mwenyewe huwa hajui alifanya nini. Andikeni kwa wiki mbili saa za kulala, kuamka na kunywa kila dawa. Video ya simu inasaidia sana, ila mzee aombwe ruhusa kwanza. Msimwachishe levodopa ghafla kwa kudhani ndiyo inayoleta ndoto, ni hatari.

Wakati mnasubiri miadi, shusheni godoro chini, sogezeni meza na glasi mbali, na mama alale kitanda kingine. Na lile panga la kujihami lililo uvunguni, litoeni chumbani leo.