Kulia si mashariki, jamani

Limenifikia tena. Swali la mwelekeo na umbali, nukta zimeandikwa kwa mwandiko safi, kanuni ya Pythagoras imetumika bila kosa, na jibu ni la ovyo. Kisa? Kila palipoandikwa "akageuka kulia", mtahiniwa ameongeza kwenye x, yaani amekwenda mashariki.

Swali lenyewe ni la aina inayojaa kwenye mitihani ya mchujo wa ajira. Asha anatoka nyumbani, anatembea mita 30 kuelekea kusini. Anageuka kulia, mita 50. Anageuka kulia tena, mita 70. Kulia tena, mita 20. Yuko umbali gani kutoka nyumbani, na upande gani?

Mwenye imani ya kulia-mashariki anakwenda hivi: (0, −30), (50, −30), (120, −30), (140, −30). Anapata mita 143 na ushee. Ajabu ni kwamba hashtuki. Asha kageuka mara tatu, lakini kwenye nukta zake hatua tatu za mwisho zimelala kwenye mstari mmoja ulionyooka! Aligeuka kwenda wapi sasa?

Chanzo ni karatasi. Kwenye grafu kaskazini iko juu na mashariki iko mkono wa kulia wa msomaji. Lakini swali halijauliza mkono wa msomaji. Limeuliza mkono wa Asha, na Asha anatazama kusini. Kama bado inakusumbua, fikiria watu wawili wanaoswali. Aliyeko Dar es Salaam anaelekea karibu kaskazini kamili, kwa hiyo kulia kwake ni mashariki. Aliyeko Muscat anaelekea karibu magharibi kamili, na kulia kwake ni kaskazini. Kibla ni kimoja, na kulia ni mbili tofauti.

Kwa hiyo kila hatua andika vitu viwili: mahali alipo, na anakotazama. Wengi huandika cha kwanza tu. Anakotazama nako kuandikwe kwa namba mbili: kaskazini (0, 1), mashariki (1, 0), kusini (0, −1), magharibi (−1, 0). Akigeuka kulia, (a, b) inakuwa (b, −a). Akigeuka kushoto, inakuwa (−b, a). Basi. Halafu zidisha kwa mita alizotembea, jumlisha kwenye mahali alipokuwa.

Asha anatazama (0, −1), yuko (0, −30).
Kulia: (−1, 0), mara 50, yuko (−50, −30).
Kulia: (0, 1), mara 70, yuko (−50, 40).
Kulia: (1, 0), mara 20, yuko (−30, 40).

Umbali ni mita 50, pembetatu mraba ile ile ya 3, 4, 5. Yuko kaskazini-magharibi mwa nyumbani. Ukijumlisha hatua zote unapata 170, na usidanganyike ukiiona 170 kati ya majibu ya kuchagua. Imewekwa pale kwa makusudi.

Sasa soma swali mpaka mwisho. "Asha yuko upande gani wa nyumbani" na "Asha aelekee wapi ili arudi nyumbani" ni maswali mawili. La kwanza ni Asha toa nyumbani: (−30, 40). La pili ni nyumbani toa Asha: (30, −40), yaani kusini-mashariki. Kinachoulizwa kiko wapi kinatangulia, kisha unatoa mahali unapokitazama kutoka. Wakiwa watu wawili wanaotembea, fanya vivyo hivyo kwa nukta zao za mwisho. Kuchora kwa macho hapo ndipo kunapoanza kusema uongo.

Mwelekeo wa kati nao una mtego wake. Kilomita 10 kaskazini-mashariki si (10, 10). Ni takribani (7.07, 7.07), yaani 10 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 2. Gari likienda hizo kisha kilomita 10 kusini, liko (7.07, −2.93), kilomita 7.65 kutoka lilipoanzia. Aliyeandika (10, 10) atapata 10 kamili, namba nzuri mno, na ataondoka akitabasamu. Kwa pembe nyingine hesabu nyuzi kutoka kaskazini: kulia unaongeza, kushoto unatoa. Hapo x ni umbali mara sine na y ni umbali mara kosine. Waliozoea kupima pembe kutoka mhimili wa x huweka kosine kwenye x na sine kwenye y, kila mara.

Maswali ya vivuli yananitia mashaka. Mtungaji anataka useme kivuli cha asubuhi kiko magharibi, nawe sema hivyo upate maksi. Lakini mwezi Juni huku kwetu jua huchomoza kaskazini kidogo ya mashariki, kwa hiyo kivuli huegemea kusini. Na "saa sita mchana hakuna kivuli" ni kweli Dar es Salaam kwa siku chache tu, Machi mwanzoni na Oktoba. Swali la kivuli cha saa sita lisilotaja mahali wala tarehe, mimi nalihesabu bovu.

Hata hiyo "kaskazini-magharibi" ya Asha ina ulegevu. Mwelekeo wake halisi ni nyuzi 323, si 315, lakini angalau uko jirani. Mtu aliyeko (−10, 70) yuko nyuzi 352. Kwenye dira ya pande nane hiyo ni kaskazini, ilhali ufunguo wa majibu utasema kaskazini-magharibi kwa sababu tu x ni hasi. Kwenye mtihani fuata ishara za x na y. Ukipewa majibu yenye nyuzi, hapo hesabu nyuzi.