VPN kwenye waifai ya bure: unamkabidhi nani mawasiliano yako?

Semina zetu za usalama wa mtandao chuoni huanza kwa onyesho moja. Nawasha ruta ndogo isiyo na neno la siri, naunganisha simu moja, kisha naonyesha kioo cha kompyuta yangu ukutani kwa projekta. Kompyuta hiyo inaendesha Wireshark, programu ya bure inayoonyesha data inayopita mtandaoni, ambayo mafundi wa mitandao huitumia kila siku kutafuta hitilafu. Simu imelala mezani, hakuna anayeigusa. Baada ya sekunde chache mistari inaanza kuteremka ukutani: simu inaulizia ilipo seva (kompyuta inayotoa huduma) ya WhatsApp, inaulizia barua pepe, inaulizia utabiri wa hali ya hewa.

Zamani nilikuwa naomba simu ya mwanafunzi anayejitolea. Siku moja, katikati ya mistari ile, likatokea jina la programu ya mikopo ya mtandaoni, na darasa zima likageuka kumtazama mwenye simu. Kijana aliinamisha kichwa. Sikuwa nimesoma ujumbe wake hata mmoja, wala sikujua kama anadaiwa. Jina la seva peke yake lilitosha kumvua nguo mbele ya wenzake. Nilimwomba radhi, na tangu siku ile natumia simu yangu mwenyewe.

Watu wakisikia habari za usalama wa waifai huwaza wizi wa pesa tu. Lakini taarifa zako binafsi ni pamoja na kliniki uliyotafuta, kazi unayoiomba kimyakimya ukiwa bado umeajiriwa, na dini au chama unachokifuatilia. Hayo yote yanaweza kuonekana kwa majina ya tovuti tu, pasipo mtu kuvunja kufuli lolote.

Waifai ni redio. Ruta ya mgahawani inatangaza, simu yako inajibu, na mawimbi hayachagui masikio. Kila kifaa kilicho karibu kinayapata. Kinachowazuia wengine wasielewe ni usimbaji, yaani kuuvuruga ujumbe kwa hesabu ili mwenye ufunguo peke yake aweze kuurudisha. Mtandao usio na neno la siri kwa kawaida hauna usimbaji wowote hewani. Na ule wenye neno la siri lililobandikwa juu ya kaunta? Hapo wengi hujidanganya. Kwenye WPA2, mfumo wa kusimba waifai uliotoka mwaka 2004 na ambao bado uko kwenye ruta nyingi za hoteli na migahawa, mtu mwenye neno lile lile la siri akinasa zile sekunde ambazo simu yako inajiunga, anaweza kuyafungua mawasiliano yako ya hewani. WPA3, iliyotangazwa 2018, iliuziba mwanya huo. Ila wewe uliyekaa kunywa chai huna uwezo wa kumbadilishia mwenye mgahawa ruta yake.

Hatari hii iliwahi kuonekana waziwazi mwaka 2010, pale Eric Butler, mtaalamu wa programu wa Marekani, alipotoa nyongeza ya kivinjari cha Firefox iliyoitwa Firesheep. Ukiwa kwenye waifai ya wazi ulibonyeza kitufe kimoja, na watu waliofungua Facebook au Twitter kwenye mtandao huo wakajipanga pembeni mwa kioo chako, majina na picha. Ukibofya picha, umeingia kwenye akaunti ya mwenyewe. Firesheep haikuhitaji neno la siri. Ilinasa kuki, kile kitambulisho ambacho tovuti inakupa ukishaingia ili isikuulize tena kila ukurasa. Tovuti nyingi wakati huo zilisimba ukurasa wa kuingilia tu, kisha kuki ikapita wazi kama kadi ya posta. Butler alitaka kampuni zibanwe zirekebishe, na zilibanwa: Facebook ilitoa HTTPS, yaani kusimba kurasa zote kati ya kivinjari na tovuti, kama hiari Januari 2011, na ilipofika 2013 ikawa ndiyo kawaida kwa watumiaji wote.

Leo tovuti nyingi zinatumia HTTPS, na programu halisi za benki husimba mawasiliano yake zenyewe. Kwa hiyo nawaambia wanasemina ukweli huu mapema: neno lako la siri la benki halingoji VPN, yaani programu inayoyasimba mawasiliano yako yote na kuyapitisha kwenye seva yake, ndipo lilindwe. Anayekutisha kwamba bila kulipia VPN yake utaibiwa akaunti kesho asubuhi, anauza hofu. Kinachobaki wazi baada ya HTTPS ni yale yaliyomuaibisha yule kijana: tovuti gani, saa ngapi, kwa muda gani, kwa kiasi gani cha data. Inabaki pia hatari ya pili, ambayo mimi naiona kubwa zaidi.

Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuwasha hotspoti yake na kuipa jina lile lile la waifai ya hoteli. Simu huutambua mtandao wa wazi kwa jina. Kama uliwahi kujiunga na mtandao wenye jina hilo, inaweza kujiunga tena yenyewe ikiwa mfukoni mwako. Sasa yeye ndiye njia. Kila unachokitafuta kinapita mikononi mwake, na anaweza kukuletea ukurasa unaofanana kabisa na ule wa kuingilia waifai, unaokuomba barua pepe na neno lake la siri. Kivinjari kikikuonya kwamba cheti cha tovuti hakiaminiki, usibonyeze "endelea". Ukurasa halisi wa waifai hauna haja na neno la siri la barua pepe yako.

Turudi darasani. Nikiwasha VPN kwenye simu yangu, ukuta unabadilika. Majina yote yanatoweka. Inabaki anwani moja tu, ya seva ya VPN, na vifurushi vya herufi zisizosomeka vinavyokwenda na kurudi. Nawauliza: nimefungua tovuti gani? Wanabahatisha, wanashindwa. Hata mimi nikitazama kompyuta peke yake siwezi kujua.

Mfano ninaopenda kuutoa ni wa mzigo unaotumwa kwa basi. Bila VPN, umebeba mzigo wako mkononi na kila kimoja kina lebo ya kinakokwenda. Kwa VPN, unatia vyote kwenye kiroba, unakishona mdomo, na juu unaandika jina moja tu, la mpokeaji wa Arusha. Kondakta anaona kiroba na uzito wake. Kilichomo hakijui. Kikifika Arusha, mpokeaji anakifumua na kukipeleka kila kitu kwa mwenyewe.

Sasa mtazameni huyo mpokeaji. Yeye ndiye anayeona lebo zote ulizomficha kondakta, maana VPN haiyafuti macho yanayokutazama, inayahamishia kwingine. Ulikuwa unamwachia mwenye mgahawa, sasa unamwachia mwenye VPN, na huyo pengine yuko nchi usiyoijua, chini ya sheria usizozijua. Swali la kujiuliza kabla ya kupakua chochote ni hili: je, huyu namwamini kuliko mwenye mgahawa?

Swali hilo lina sababu. Mwaka 2016 watafiti wa Australia, wakiwemo wa taasisi ya taifa ya utafiti CSIRO, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, walichapisha uchunguzi wa programu 283 za VPN za simu za Android. Asilimia 18 hazikusimba mawasiliano kabisa. Kiroba kilikuwa wazi. Asilimia 75 zilibeba vipande vya programu vya kumfuatilia mtumiaji. Asilimia 38 zilionyesha dalili za kuwa na programu hasidi. Mtu alipakua kinga, akaweka maradhi.

Kampuni kubwa nazo zimo. Facebook iliinunua Onavo ya Israeli mwaka 2013, na programu yake ya Onavo Protect ilitangazwa kama VPN ya kulinda data za mtumiaji. Nyuma ya pazia ilikusanya habari za programu nyingine ambazo watu walitumia, ili kampuni ijue washindani wake wanakwendaje. Iliondolewa kwenye duka la Apple mwaka 2018 na kufungwa 2019. Mwaka 2023 mahakama ya Australia iliziamuru kampuni mbili zilizohusika zilipe jumla ya dola milioni 20 za Australia kwa kuwapotosha watumiaji.

Ukiwasha VPN ya Android mara ya kwanza, simu yenyewe inakuletea onyo: programu hii inataka kuweka muunganisho utakaoiwezesha kufuatilia mawasiliano yako ya mtandao. Watu hubonyeza "sawa" kama wanavyofukuza nzi. Naomba siku nyingine usimame hapo uisome sentensi hiyo, kwa sababu ni ya kweli neno kwa neno.

Basi umchague nani? Kama ofisi au chuo chako kina VPN, hiyo ndiyo ya kwanza kwa shughuli za kazi; unajua mlango wa kugonga mambo yakiharibika, ila kumbuka kwamba mwajiri naye anaweza kuona. Kwa VPN ya kununua, tafuta inayosema wazi wamiliki wake ni nani na wanaishi kwa fedha gani, na iliyokubali kukaguliwa na watu wa nje na kuchapisha ripoti. VPN ya bure kabisa, isiyo na jina la mwenyewe, yenye matangazo kila ukibonyeza, mimi nakushauri uiondoe kwenye simu leo. Kuendesha seva ni gharama, na kama hulipi kwa shilingi kuna kitu kingine chako kinachouzwa. Angalia pia mfumo inaotumia. OpenVPN na WireGuard ni za kuaminika, na programu zake ziko wazi kwa yeyote kuzikagua; WireGuard iliingizwa kwenye kiini cha Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, Machi 2020. PPTP ni ya miaka ya tisini na kufuli lake la kuingilia lilivunjwa hadharani 2012. Ukiikuta bado inatumika ofisini, mwone fundi wenu.

Suala la sheria nalo lisipitwe. Tanzania, Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilitoa taarifa kwa umma ikiwataka watu na kampuni wanaohitaji VPN katika shughuli zao waisajili. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 zinakataza kutumia teknolojia ya kufikia maudhui yaliyozuiwa, kwa adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Ndugu zetu walioko Falme za Kiarabu wajue kwamba kutumia VPN kutenda kosa au kulificha kunaweza kuleta faini ya kuanzia dirhamu 500,000. Uliza unakoishi kabla hujawasha.

Baada ya semina moja mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge alinifuata mlangoni. "Mwanangu, nikiweka hiyo VPN wale wa 'ile hela tuma kwenye namba hii' hawatanipata tena?" Nilimjibu, "Hapana, mama, watakupata vilevile." Ujumbe ule wa matapeli unakuja kwa SMS na silaha yake ni haraka uliyonayo wewe. Hata huduma ya *150*00# haipiti kwenye waifai. USSD, yaani menyu unayoifungua kwa kupiga namba zenye nyota, husafiri kwa mtandao wa simu, kwa hiyo VPN haiigusi, wala haimzuii mtu unayemtajia PIN kwa mdomo wako. VPN haitambui programu bandia ya benki uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp. Na ukiingia Facebook ukiwa na VPN, Facebook inakujua ni wewe.

Ukishapata unayoiamini, mpangilio wa kuiwasha una maana. Waifai nyingi za hoteli na viwanja vya ndege zinakutaka kwanza uingie kwenye ukurasa wao, na VPN haiwezi kuanza kabla ya hapo. Katika dakika hizo programu zako zinakuwa zimeshaanza kuzungumza nje, kwa hiyo maliza ukurasa huo upesi, washa VPN, ndipo ufungue mengine. Kwenye Android, mipangilio ya VPN ina sehemu ya kuifanya iwake muda wote na ya kuzuia intaneti pale VPN inapokatika. Washa zote mbili, kwa sababu waifai dhaifu hukatakata, na bila kizuizi hicho simu inarudi kupita njia ya wazi bila kukuambia. Alama ndogo ya ufunguo juu ya kioo ndiyo uthibitisho wako.

Ukurasa ule wa kuingilia nao unakula taarifa: jina, namba ya simu, wakati mwingine namba ya chumba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Tanzania Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinakusanywa kwa kusudi gani, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko. Kenya ina sheria yake tangu 2019. Sehemu isiyo ya lazima usiijaze.

VPN hula bando zaidi kidogo na kupunguza kasi, na kwa jambo moja nyeti, kama kutuma pesa au kufungua majibu ya maabara, mara nyingi naona afadhali kuzima waifai na kutumia data yako mwenyewe.

Na ukiondoka mahali, usiiache simu na kumbukumbu. Fungua orodha ya mitandao iliyohifadhiwa, futa yote ya wazi ambayo hukai nayo. Kwenye simu yangu, siku niliyofungua orodha hiyo kwa mara ya kwanza, nilikuta jina la hoteli ya Morogoro niliyolala usiku mmoja miaka mitano nyuma, na simu ilikuwa bado tayari kujiunga nalo popote itakapolisikia.